Ngumi Isiyofika

Jamani, nyumba ya Fundi Friji ilikuwa nyumba ya kutolea mfano. Jumamosi alasiri ungemkuta fundi mwenyewe uani, anapiga mluzi huku anaanika suti yake nyeupe ya karate. Mkewe, ambaye kazi yake ni kupiga pasi kwenye duka la dobi, amekaa kizingitini anamsomea binti yao imla. Binti ana miaka tisa na mwandiko wa kuku aliyeparura. Wanacheka wote watatu. Ukipita hapo unatamani uwe wa kwao.

Na msidhani karate ya fundi ilikuwa ya kujionyesha. Kabla ya kuianza alikuwa mlevi na mgomvi, mtu wa kumzaba mkewe kofi kwa sababu ya kijiko. Mazoezi ndiyo yaliyomtoa huko. Kwa miaka minane alijifunza kuamka alfajiri, kufagia ukumbi kabla ya kuukanyaga, na kusimama msimamo mmoja mpaka mapaja yakatetemeka bila yeye kulalamika. Pombe akaiacha. Siku moja kibaka alimtolea kisu mama mmoja kituoni. Fundi alijitia katikati, akapaza sauti mpaka watu wakatoka madukani, akamsukumia yule mama ndani ya duka na kufunga mlango. Hakurusha hata teke. Walipomuuliza mbona hakupigana, alisema, "Nimefundishwa kurudi nyumbani mzima." Mimi mwenyewe nilimvulia kofia.

Lakini sifa yake hasa ilikuwa ngumi. Katika karate ya asili, wawili wakifanya mazoezi, ngumi hurushwa kwa nguvu zote na kusimamishwa upana wa kidole kabla ya kufika kwenye ngozi. Kuisimamisha ni kazi kuliko kuirusha. Ya fundi ilisimama kama imegonga kioo, na vijana walikuja kuitazama.

Basi, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Jumapili moja mkewe alisahau kumchajia simu. Fundi hakufoka. Ngumi ilitoka, ikasimama mbele ya pua ya mkewe, naye akaiacha hapo hapo.

"Nimekugusa?"

"Hapana."

"Sasa unatetemeka nini? Zamani ningekupiga. Shukuru."

Wala haikuwa mara ya kwanza. Chumvi ikizidi, ngumi. Jibu likichelewa, ngumi, mara puani, mara sikioni, na swali ni lile lile: nimekugusa? Fundi aliamini kwa moyo wake wote kwamba amepona. Hilo ndilo kosa ambalo asiyejua karate hawezi kulifanya: alichukua kipimo cha ustadi wake akakifanya kipimo cha wema wake.

Mke amweleze nani? Alimjaribu mama mkwe.

"Amekuumiza wapi, mwanangu?"

"Hajaniumiza, mama. Ananiogopesha."

"Ai! Si heri hivyo? Wenzio wanatembea na manundu."

Mke akarudi kwenye pasi zake. Kazini, bosi alipoinua mkono kushusha shati lililotundikwa, yeye alijikunyata, na pasi ikabaki juu ya suruali ya mteja mpaka ikaungua. "Dada, unaogopa nini?" bosi alimuuliza. Angemwambia nini, na mwilini hana hata mkwaruzo wa kuonyesha?

Kilichomwamsha ni siku aliporudi nyumbani akamkuta binti yake uani amembana ukutani mtoto wa jirani, wa miaka mitatu. Ngumi ndogo ilikuwa imesimama mbele ya jicho la mtoto. Mtoto amefumba macho, hata kulia hawezi.

"We! Unafanya nini?"

"Sijamgusa, mama," binti alisema, tena kwa fahari. "Muulize. Sijamgusa kabisa."

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mama wa watu alikaa chini palepale vumbini akalia. Alikuwa amekwisha kuzoea kujiogopea mwenyewe. Sasa alimwogopea mwanawe, na hofu hiyo ilimpa ujasiri.

Mwezi huo huo fundi alikuwa na mtihani wa mkanda mweusi. Mwalimu wao wa karate ni mama wa makamo, dereva wa basi la shule, mfupi, mcheshi, awezaye kukuangusha huku anakuuliza habari za watoto. Ana utaratibu wake. Kabla ya kumfunga mtu mkanda mweusi, humwita mtu wa nyumbani kwake na kumuuliza mbele ya wote, "Huyu akivua suti yukoje?" Kwa kawaida watu hujibu kwa utani, ukumbi unacheka, mkanda unafungwa.

Fundi alifanya mtihani wa kupendeza. Hata wapinzani wake walimpigia makofi. Kisha Mwalimu akamwita mkewe na kumuuliza. Mke alisimama mbele ya wote.

"Nyumbani ananirushia ngumi," alisema. "Anaisimamisha hapa." Akaweka kidole mbele ya pua. "Na mtoto wetu ameshajifunza."

Watu wote ukumbini waligeuka kumtazama fundi.

"Mwalimu, sijawahi kumgusa!" fundi alisema. "Tangu niache pombe, hata ukucha! Muulize!"

"Nimemsikia. Nijibu wewe. Hapa, kabla hujamrushia mwenzako ngumi, mnafanya nini kwanza?"

"Tunainamiana."

"Ya nini?"

"Kwamba... tumekubaliana. Kwamba yuko tayari."

"Mkeo alikuinamia lini?"

Fundi alimgeukia mkewe.

Mwalimu akaukunja ule mkanda mweusi, akaurudisha mkobani. "Vua na huo wa kahawia," alisema, na safari hii hapakuwa na utani sautini. "Jumatatu utasimama mstari wa nyuma na wanaoanza. Na kila wiki utakwenda kwa mshauri. Usipokwenda, mlango huu usiujue."

Siku ile ile mke alimchukua binti yake akahamia kwa dada yake. Alimpeleka kwanza kwa yule mtoto wa jirani akaombe radhi. Kisha akajiandikisha kwenye darasa la wanawake la Mwalimu. Huko hakuanza na teke wala ngumi. Alifundishwa kujua mlango uko wapi, kuweka nafasi kati yake na mtu, kunyoosha mkono, na kutoa sauti kutoka tumboni: "Simama hapo!" Siku ya kwanza sauti yake ilitoka kama ya kuku mwenye mafua. Wenzake walicheka, naye akacheka nao, cheko la kwanza baada ya miezi mingi. Akairudia. Akairudia tena wiki baada ya wiki, kwa jasho, mpaka siku moja madirisha ya ukumbi yakaitikia.

Mwezi wa tano tangu mkewe ahame, fundi alikuja mchana kwa shemeji yake, amekonda, amevaa shati lisilopigwa pasi. Mkewe alitoka mlangoni.

"Mke wangu, nimekuja..." fundi alianza, akapiga hatua kumsogelea.

"Simama hapo."

Akasimama palepale, mikono chini.

"Nilikuwa nasema sijakugusa," alisema. "Kumbe nilikuwa nakupiga kila siku. Nisamehe. Naomba nije karibu."

"Bado."

"Lini?"

"Nitakwambia mimi."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Hakubisha wala hakusogea. Alibaki hatua tatu kutoka mlangoni, jua linamchoma, mpaka alipoambiwa aende, akaenda. Na yule mke ndipo alipogundua kwamba muda wote ule yeye mwenyewe hakupepesa jicho wala kujikunyata.

FUNZO

Ndugu zangu, usijisifu kwamba hupigi ikiwa wa nyumbani kwako wanaishi wamejikunyata. Hofu haiachi nundu, lakini watoto huirithi. Karate haina kosa hapa: ndiyo iliyomtoa fundi kwenye chupa, na ndiyo iliyompa mkewe sauti. Ila nguvu yoyote unayojifunza, ipime kwa yule asiyeweza kukurudishia. Nawe unayeogopeshwa, usingoje mpaka uwe na jeraha ndipo useme. Mficha uchi hazai. Na sisi wakwe, mabosi na majirani, mtu akituambia "ananiogopesha", tusimuulize ameumizwa wapi. Mimi nilimuuliza mkwe wangu swali hilo, na mpaka leo najuta.