Mlango Unaosema Samahani

Ukuta wa mashariki wa Jumba la Maoni ulikuwa na taa elfu kumi na moja, na kila taa ilikuwa gari moja. Familia ikicheka ndani ya gari lake, popote lilipo, taa ya gari hilo ilikoza kijani. Baba akikereka kwamba kiti kinambana mgongo, taa ilipauka. Kazi hiyo ilifanywa na kipimaridhaa, kijidude kisichozidi punje ya mahindi, kilichoshonwa ndani ya kila kiti kwa idhini ya mwenye gari. Kilipima mapigo ya moyo, jasho la viganja na mkazo wa misuli, kikapeleka habari kwenye akili mnemba ya kiwanda, nayo ikajua kama mnunuzi ameridhika hata kabla mwenyewe hajajua. Zamani viwanda vilituma karatasi za maswali na watu walizijaza kwa adabu, kila kitu kizuri, tunashukuru, Mungu awabariki. Kipimaridhaa kilikuja kuimaliza adabu hiyo.

Asubuhi ile ukuta ulikuwa kijani kuanzia sakafuni hadi darini. Wastani wa ridhaa ulikuwa tisini na saba kwa mia. Mhandisi Nakijwa Mbwambo, mbunifu mkuu wa gari hilo, alisimama mbele yake na kikombe cha kahawa iliyokwisha kupoa, tabasamu limemjaa usoni. Angelificha ya nini? Gari lile dogo la familia liitwalo Ukoo alilijua tangu toleo la kwanza, alipokuwa fundi wa bawaba za milango tu. Huu Ukoo wa Tatu ulikuwa wake mzima, kuanzia taa za mbele hadi buti. Bodi la gari lilipakwa rangi-jua, rangi inayokunywa mwanga na kuugeuza umeme, hivyo gari lilikula likiwa limeegeshwa. Usukani haukuwepo. Viti viwili vya mbele viligeuka kuvitazama vile vitatu vya nyuma, watu wakasafiri wanapiga soga kama wako sebuleni. Na vyote hivyo vilichorwa na kuundwa hapahapa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Nchi tisa zilikuwa zimeomba kuuziwa. Kule Usangi, mjomba wake Nakijwa alikuwa akisimamisha watu njiani awasimulie, wanaomjua na wasiomjua.

Lakini kilichowapendeza wanunuzi kuliko rangi na viti ni mlango-tambuzi. Wazo lenyewe lilitoka vinywani mwao. Wenye Ukoo wa zamani walilia kilio kimoja: gari linaazimwa mno. Leo harusi ya binamu, kesho msiba wa mtaa wa pili, keshokutwa jirani na magunia yake ya mkaa. Nani atamwambia jirani hapana usoni? Haya zinakushika, unatoa gari huku moyo unakuuma. Basi Nakijwa akabuni mlango unaokataa kwa niaba yao. Mlango ulizijua sura za wanafamilia walioandikishwa. Mwingine yeyote akiugusa, ulimwambia kwa sauti laini, "Samahani, hujaandikishwa katika gari hili," na gari halikusogea mpaka mwenyewe aidhinishe. Mwenye gari angesimama kando na kuinua mabega, "Si mimi, ni gari." Mtaani wakalibandika jina, Bwana Samahani, na mauzo yakapaa.

Kesho yake saa nne asubuhi bodi ya wakurugenzi ilikuwa ikutane kuufunga muundo. Muundo ukishafungwa, magari elfu hamsini yangeundwa vilevile kwa nchi zile tisa, na hakuna ambaye angegusa hata parafujo.

Nakijwa alikuwa anageuka kuondoka alipoiona taa ya kijivu. Ilikuwa peke yake, chini kushoto, kama jino lililooza kwenye kinywa kizima. Akaiuliza akili mnemba.

"Ni gari la Mwalimu Severini Mkude wa Kihonda," ilijibu. "Halijakaliwa na mtu kwa siku themanini na mbili, kwa hiyo halina maoni. Nashauri liondolewe kwenye hesabu. Wastani hautabadilika."

Mwingine angeliondoa. Nakijwa alikuwa mtu wa kujivunia kazi yake, na mtu wa namna hiyo hawezi kulala akijua kuna mmoja amenunua na hatumii. Akaenda mwenyewe.

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na ua wake ulitenganishwa na ua wa jirani kwa mstari wa mabua tu. Alipiga hodi, akakaribishwa na sauti mbili kwa pamoja. Mwalimu Severini alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na tisa, amebakiza mwaka mmoja astaafu. Mkewe, Paskalina, alikwisha kuweka kigoda kivulini kabla mgeni hajataja jina.

"Shikamoo Mwalimu. Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu sana. Chai ipo, na muhogo unaiva."

Alipojitambulisha, Paskalina aliinua birika kummiminia chai. Kisha Mwalimu akasema kwa adabu zote, "Gari ni zuri sana, Mhandisi. Hatuna neno."

"Zuri sana," mkewe aliitikia, macho yakiwa kwenye birika.

Nakijwa akaliangalia gari. Lilikuwa limeegeshwa chini ya upenu, limeoshwa, linang'aa. Mlango mmoja wa nyuma ulikuwa wazi, umefungwa kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya nyumba. Kamba ilikuwa imezungushwa mara nne na kukazwa kwa fundo la mtu asiyetaka lifunguke. Ukoo wa Tatu hauwezi kutembea na mlango wazi, na aliyejua hilo kuliko wote ni yeye.

"Mwalimu, mlango umeharibika?"

"Haujaharibika."

"Sasa kamba ya nini?"

Mwalimu alikuna kidevu. "Ili usije ukafunga tena," alisema.

Paskalina aliweka birika chini. "Mwambie, baba. Amekuja kwa miguu yake. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

Wakati huo mwanamke kijana alipenya kwenye mabua kutoka ua wa pili, amebeba sahani iliyofunikwa. Aliwasalimu wote, akamwamkia mgeni, akaketi mkekani karibu na Paskalina kama mtu wa nyumba. Hakuna aliyemwita, wala aliyeshangaa. Jina lake Zaituni.

Mwalimu akaanza. Siku ya mwisho gari hilo kukaliwa, alikuwa akisimamia mtihani, na simu zote za wasimamizi zilikusanywa mlangoni, kama kawaida. Nyumbani, saa tano asubuhi, Zaituni alishikwa na uchungu, wiki tatu kabla ya siku zake. Mumewe alikuwa safarini. Paskalina alipiga simu ya gari la wagonjwa, likawa limepeleka mtu Dakawa. Hakuhangaika sana. Gari si lipo nje? Tangu waanze kumiliki gari, Ukoo wa Kwanza ule, hakuna mzazi wa mtaa ule aliyefika hospitali kwa gari jingine. Akamshika Zaituni mkono, akamwingiza, akaketi naye.

"Likaniambia samahani," Paskalina aliendelea. "Likasema kuna abiria asiyeandikishwa. Nikalisihi. Nikalipigia kelele. Nikasema huyu ni mwanangu. Likasema idhini inasubiriwa kwa mwenye gari. Sauti yenyewe ya upole hivyo, mpaka nikatamani lingenitukana."

"Hukuandikishwa kama mwenye gari, mama?"

"Nimeandikishwa kama mke."

Kipengele hicho Nakijwa alikiandika mwenyewe. Idhini ilikuwa ya mtu mmoja, ili familia zisigombane.

Walisubiri idhini robo saa. Kisha wanawake sita wa mtaa wakamweka Zaituni juu ya godoro, wakashika pembe, wakatoka naye hadi barabara kuu kutafuta msaada. Hapo Paskalina alikwama. Zaituni ndiye aliyemalizia, kwa sauti tulivu.

"Nilikuwa nayahesabu magari, ili nisifikirie maumivu. Yalipita kumi na moja. Yote Ukoo mpya, yote matupu. Yanakwenda kuchukua watoto shule, yanakwenda kuchukua mabosi ofisini. Mama Paskalina anapunga kanga, yanapita. Nilizaa njiapanda. Wa kike. Hakulia."

Kuku alipita katikati yao akidonoa, na hakuna aliyemfukuza.

"Pole," Nakijwa alisema. Aliona neno lenyewe dogo, akarudia. "Pole sana, mdogo wangu."

"Nimeshapoa. Lakini nikwambie kitu, dada. Sikulikasirikia gari. Niliona haya. Nimeingia gari la mama huyu tangu niolewe mtaa huu, na sijawahi kujiona naomba. Siku ile ndiyo nilijiona ombaomba."

Mwalimu alikuwa akitazama mikono yake. "Usidhani nakulaumu wewe, Mhandisi. Mliniuliza kabla hamjaliunda. Nakumbuka swali lenyewe: Je, ungependa gari lisilomfungulia mtu asiyehusika? Nikasema ndiyo, tena nikacheka. Nilikuwa nimechoka kuazimwa, na sikuwa na ujasiri wa kukataa. Hamkuniuliza ni nani asiyehusika. Na mimi sikujiuliza. Alikuwa hapo, nyuma ya mabua."

Nakijwa alikula muhogo kwa sababu kutokula kungekuwa tusi la pili. Alipoinuka kuaga, Paskalina alimfungia mwingine kwenye jani la mgomba, na huo ndio uliomtoa machozi, njiani, ndani ya gari lake zuri lisilotoa sauti.

Kesho yake wajumbe saba wa bodi waliketi mbele ya ukuta wa taa. Mkurugenzi Hilali Semboja alikuwa amevaa suti mpya kwa ajili ya siku hiyo. Alizungumza vizuri, na kwa haki. Alisema babu zao walinunua mitumba ya magari kutoka ng'ambo, yaliyochoka na kupakwa rangi, na leo ng'ambo wanapanga foleni Morogoro. Wajumbe walipiga makofi, Nakijwa naye akapiga, kwa maana ilikuwa kweli na aliipenda.

"Basi Mhandisi, weka kidole, tufunge muundo."

Hadi muundo ufungwe, amri ya mwisho juu ya akili za magari yote ilikuwa ya mbunifu mkuu. Nakijwa alisimama kwenye meza ya amri, lakini hakuweka kidole. Aliiuliza akili mnemba swali ambalo hakuna aliyewahi kuiuliza.

"Tangu magari haya yaanze kuuzwa, milango imewakataa watu wangapi?"

"Elfu sitini na nne, mia mbili na tisa," ilijibu papo hapo. "Idadi hiyo imehifadhiwa kwenye orodha ya mafanikio."

Mjumbe mmoja alikohoa.

"Kati yao, wangapi mlango uliwaona wana dalili za ugonjwa, majeraha au uchungu wa uzazi?"

"Mia nne na kumi na wawili."

Nakijwa aliwaeleza habari za Kihonda, bila kupamba, na hakujiondoa katika habari hiyo. "Kipengele kile nilikiandika mimi," alisema. "Kipimaridhaa nacho nilikipenda mimi. Kinawasikia waliokaa. Walioachwa barabarani hawana kiti, kwa hiyo hawana maoni."

"Tumekusikia, na inauma," Semboja alisema taratibu. "Lakini wanunuzi wanaupenda mlango huo kuliko kitu kingine chochote. Ukiuondoa, nchi tisa zile tutaziambia nini?"

"Tutaziambia gari letu linajua jirani ni nani. Hakuna kiwanda kingine kinachoweza kusema hivyo. Tunaona fahari kwamba gari ni la kwetu, Mkurugenzi. Sasa liwe la kwetu."

Akaandika amri mpya mbele yao. Mlango umfungulie yeyote anayeomba, uihifadhi sura yake, umwarifu mwenye gari. Gari tupu likipungiwa mkono, lisimame. Mgonjwa apelekwe kwanza, maswali baadaye. Na mwenye gari akitaka kumkataa mtu, amkatae kwa mdomo wake mwenyewe, anamtazama. Akaweka kidole gumba. Amri ikaenda kwa magari elfu kumi na moja kabla hajakiinua. Semboja alikuwa amenyanyuka nusu kumzuia, akabaki hivyo, kisha akaketi.

Ukuta ulianza kupauka. Tisini. Themanini na mbili. Sabini. Ulipofika sitini na moja ulisita, na pale mbele ya taa zilizochujuka Nakijwa aliona fahari iliyoipita ile ya jana yake, fahari nzito iliyomkaa kifuani. Bodi ingeweza kumfukuza kabla ya chakula cha mchana. Hata hivyo, ingemfukuza akiwa fundi aliyerekebisha kosa lake.

Lalamiko la kwanza la maandishi lilifika dakika tisa baadaye, likasomeka mezani mbele ya wote. Lilitoka kwa mwenye gari wa Kilakala.

"Nimetoka ofisini nakuta mzee simjui amekaa kwenye kiti changu. Gari linasema anapelekwa kliniki, niingie tuondoke wote. Mimi simjui mtu huyu! Mnataka nifanye nini?"

Akili mnemba ilikwisha kuandaa jibu la kuomba radhi. Nakijwa akalifuta, akavuta kiti, akaandika kwa mkono wake.

"Mwamkie. Halafu muulize jina."