Stika ya Pili kwenye Kaunta ya Popatlal

Hapa Kanyenye, Tabora, hakuna jambo linalonipita. Nasema hivi bila haya. Kila siku nipo kwenye benchi mbele ya duka la asali la mzee Popatlal, na hata inzi akiingia mle, mimi najua alikotoka. Vijana wenzangu wananiita Kamera. Jina hilo sikujipa mwenyewe. Haya, nilijipa, lakini wao walikubali.

Basi wiki mbili nzima duka hilo liliibiwa mchana kweupe, na Kamera nimekaa hapohapo natafuna karanga.

Hakuna kufuli lililovunjwa. Asali ilitoka, wateja walilipa kwa simu, pesa hazikufika. Jumatano mzee Popatlal akaenda kituoni, na usiku huo muuzaji wake, Recheli, akalala mahabusu. Harusi yake ilikuwa Jumamosi, kanisani kwao Moraviani. Shangazi wa bwana harusi alikuwa ameshatangaza sokoni kwamba ukoo wao hauoi mwizi.

Alhamisi asubuhi gari la polisi lilisimama mbele ya benchi langu. Walishuka Inspekta Eustadia, Konstebo Festo, na Recheli katikati yao, kanga imemkunjamana. Inspekta ni mwanamke mfupi, sauti ndogo, macho hayapepesi. Waliowahi kuhojiwa naye wanasema heri nyuki.

"Shikamoo, mzee," alimwambia Popatlal, akaingia dukani.

"Marahaba, mama. Mwizi mnaye tayari. Unatafuta nini tena?"

"Mwizi."

Alimgeukia Recheli. "Wateja walikulipaje?"

"Kwa hiyo stika ya lipa namba hapo kaunta, afande. Mteja analipa, ananionyesha ujumbe kwenye simu yake. Jina linasoma Asali ya Popatlal. Namwachia chupa."

"Simu inayopokea iko kwa nani?"

"Kwangu," alisema Pooja, mkwe wa mzee. Yeye ndiye aliyeingiza duka kwenye mambo ya mtandao. "Wateja wa Dar na Mwanza ninaowatumia namba mwenyewe, pesa zao zinaingia. Za hapa kaunta ndizo sizioni."

"Kwa sababu amepokea keshi, akatia kibindoni, akasingizia simu!" mzee alifoka. "Nilisema mimi! Huduma hizi ni hongo ya misafara. Babu yangu alisimulia: pembe za ndovu zikitoka Ujiji, kila mtemi njiani achukue chake. Leo mtemi ni simu. Nikiuza, anakata. Nikipeleka benki, anakata."

"Na msafara uliolipa hongo ulifika, Baba," Pooja alijibu. "Mteja wa Dar angetutumia noti kwenye bahasha? Chenji ikikosekana, mteja anaondoka. Zile noti bandia tulizopokea, je? Hiyo nayo ni ada, ila haitumi ujumbe."

Inspekta hakuamua ugomvi. Alitoa simu yake, akalipa elfu moja kwa namba iliyo kwenye stika. Ujumbe ukaja: malipo yamekamilika, Asali ya Popatlal.

Wote tukaitazama simu ya Pooja.

Kimya.

Inspekta aliinama. Akaingiza ukucha chini ya kona ya stika, akaivuta polepole. Chini yake kulikuwa na stika nyingine. Jina lilelile. Namba tofauti.

Recheli alijishika mdomo.

"Festo, mfuko wa vielelezo. Hapa kwenye gundi hapakosi alama za vidole."

Mimi pale mlangoni nikahisi kiu ghafla. Jua la Tabora lina tabia hizo.

"Stika si zote zilezile, afande?" niliuliza, katika kusaidia.

"Wewe nani?"

"Raia mwema."

"Raia mwema, kaa chini."

Nikakaa. Festo alisogea pembeni, akapiga simu makao ya kampuni ya simu, akasubiri, akaandika. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika.

"Afande, namba ya juu, hiyo ya wizi, imesajiliwa kwa kitambulisho cha Pooja. Na kwa kidole chake."

Mzee Popatlal alikalia dumu la asali bila kuangalia kama lina mfuniko. "Mkwe wangu?"

"Siijui namba hiyo!" Pooja alimgeukia mzee. "Naapa, Baba, siijui!"

Mtu mwingine angeshangilia, maana pingu zilikuwa zinamhama. Recheli alisema, "Dada Pooja hawezi, afande. Tafuteni vizuri."

Inspekta alimtazama kidogo, kisha akamrudia Pooja. "Namba ya kwanza nani alikusajilia?"

"Sabiri. Wakala wa pesa za simu hapo pembeni."

"Kidole uliweka mara ngapi?"

"Mara moja. Hapana, ngoja... mara tatu. Alisema mtandao unasumbua, nirudie."

"Na nakala ya leseni ya biashara?"

"Alibaki nayo."

Kibanda cha Sabiri kimeegemea ukuta wa duka, hatua chache kutoka kwenye benchi langu; Inspekta akatoka, akasimama mbele yake, wengine nyuma. Kijana mpole, kofia ya kufuma, salamu nyingi. Zamani foleni ya watu wanaotoa pesa kwake ilifika mpaka kwenye benchi langu. Siku hizi alikuwa anafuta vumbi tu.

"Biashara vipi?"

"Tunamshukuru Mungu, afande."

"Foleni yako imekwenda wapi?"

"Watu hawana hela."

"Wanazo. Wanalipia asali."

Inspekta alisema hivyo huku kidole chake kinabonyeza simu, macho hayajamtoka Sabiri. Elfu moja nyingine ikaenda kwa namba ya juu. Sote tulisubiri. Hata pikipiki barabarani naona zilinyamaza.

Ndani ya droo ya Sabiri: tii!

"Ya mteja hiyo," alisema haraka. "Kaacha nimchajie."

Inspekta akabonyeza tena. Tii!

"Anaitwa nani mteja wako? Maana kashakula elfu tatu zangu."

Jasho lilimshuka Sabiri mpaka kwenye ndevu. Akaifungua droo mwenyewe.

"Walikuwa wanaanzia kwangu," alisema. "Kila mnunua asali alitoa pesa hapa, ndipo akalipe keshi kwa mzee. Kamisheni ile ndiyo ililipa kodi ya kibanda na ada ya shule ya wanangu. Halafu dada Pooja akaja nimsajilie lipa namba. Mimi, afande! Kwa mkono wangu nimejifungia mlango. Mteja analipa moja kwa moja, kwangu hatoi hata mia. Nikasema, kamisheni yangu nitaifuata hukohuko."

"Kamisheni? Wewe umechukua bei ya chupa nzima."

"Nilitaka kuacha mwisho wa mwezi."

"Na Recheli alipolala mahabusu?"

Sabiri alinyoosha mikono. Festo akamfunga pingu.

"Bandueni zote!" mzee aliamuru. "Turudi kwenye noti."

"Noti ikiibwa hailii, mzee," alisema Inspekta. "Hii imelia mara mbili."

Mzee alikuna shingo. Akamtazama Pooja. "Hiyo ada yao ni kiasi gani?"

"Nimekwambia mara mia, Baba."

"Niambie tena." Akaambiwa. Midomo yake ilipiga hesabu kimya kimya: chenji, noti bandia, wateja wa Dar. "Basi ya chini ibaki. Na wewe, Recheli, binti yangu, nimekukosea. Asali yote ya harusi ni juu yangu."

Hadithi nzuri huishia hapo. Mimi mwenyewe ningeomba iishie hapo. Nilikuwa nimeshanyanyuka taratibu.

"Bado," alisema Inspekta. "Sabiri, nani aliingia dukani kubandika?"

Macho ya Sabiri yalipita kwenye benchi.

"Mimi nilimwona," ilisema sauti ng'ambo ya barabara. Alikuwa mama Veneranda, muuza karanga. Karanga zangu zote natoa kwake. Kwa mkopo. "Recheli alikuwa ameingia stoo. Sabiri akamwita kijana, akampa stika na soda, akasema kampuni imeleta mpya. Kijana akaibandika, akaipigapiga na kiganja ikae vizuri. Sikujua kama ni kesi mpaka leo mlipoibandua."

"Kijana gani, mama?"

Alinyoosha kile kikopo chake cha kupimia karanga, moja kwa moja kwenye kifua changu.

"Huyu anayejiita Kamera."

"Afande, huyu mama macho yake hayaoni mbali," nilisema. "Kila siku ananifananisha na watu."

"Soda yenyewe ilikuwa ya chungwa," Veneranda aliendelea, wala hakupandisha sauti.

"Chungwa wapi! Ilikuwa tangawizi."

Festo ndiye aliyecheka kwanza. Inspekta hakucheka. Alifungua kidau cha wino, akakiweka juu ya kaunta.

"Raia mwema, njoo. Gumba la kulia."

Recheli naye hakucheka. Aliniuliza taratibu, kwa sauti ileile anayomuulizia mteja kama anataka chupa kubwa au ndogo:

"Uwesu, jana waliponichukua, si ulikuwa umekaa hapohapo?"