Fremu ya Mbao Aliyokuwa Akiipima Mwanangu

Mimi ndiye niliyewapeleka sungusungu, walinzi wa kijiji, kwa mtoto wangu wa kumzaa...

Sikulazimishwa na mtu. Nilivaa kandambili nikaenda mwenyewe kwa Manyanda, kamanda wao. Nikamkuta anakamua ng'ombe.

"Baba, Arcade anaiba vyuma vya reli."

Akaacha kukamua.

"Una uhakika, Mama Arcade?"

"Ninao."

Nyie mnaosoma hapa kwenye kundi, nivumilieni. Naandika ili mama mwingine asifanye nilichofanya.

Arcade ana miaka ishirini na tatu, ni seremala. Kijiji chetu kiko jirani na reli ya kutoka Mpanda kwenda Kaliua. Kuna behewa bovu limelala porini, nyasi zimelimeza. Chini yake, pale panapobeba magurudumu, fremu siyo ya chuma kama za siku hizi. Ni mbao nzito zilizokazwa kwa bolti.

Kila Jumapili tukitoka kanisani, Arcade anapotelea huko. Anarudi na grisi mikononi.

"Ulikuwa wapi?"

"Natembea tu, mama."

Siku moja akaacha simu mezani inachaji. Mimi nimeishia la saba, lakini kusoma najua. Nikaona amemwandikia mtu: "Bolti nane kila upande. Jumapili napima mbao ya kati. Huku hakuna anayeniona."

Nikajua anafungua bolti akauze chuma chakavu.

Wenzangu wa asili ya Burundi mtanielewa. Uraia tumeupata ukubwani. Karatasi yangu nimeifunga kwenye nailoni ndani ya sanduku, kila wiki naiangalia kama bado ipo. Kesi ya reli ni kesi ya serikali. Nikawaza, akikamatwa na polisi watatuuliza sisi ni nani, karatasi itaondoka, tutapelekwa wapi? Bora sungusungu wamtishe, yaishe hapahapa kijijini.

Yaani niliionea huruma karatasi kuliko mtoto.

"Msimpige," nilimwambia Manyanda. "Mtisheni tu."

"Hayo tuachie sisi, mama."

Jumapili wakamkuta chini ya behewa, amelala chali, futi ya kupimia mkononi. Wakasema mwizi hupima kabla ya kukata. Fimbo ya kwanza akaikinga kwa mkono wa kulia...

Vidole vitatu vilivunjika.

Nilipofika ofisi ya kijiji, Manyanda alinitolea nje daftari walilomkuta nalo. Hakunitazama usoni.

"Soma mwenyewe. Sisi tulifuata neno lako."

Michoro mitupu. Gurudumu, bolti, unene wa kila mbao, yote kwa penseli. Ukurasa wa kwanza ameandika: BEHEWA KAMA LILE ALIMOZALIWA MAMA.

Jamani.

Nilichojua mimi ni kwamba nilizaliwa njiani, mwaka ule wa kukimbia Burundi. Mama yangu, Athanasie, hakupenda kuyasimulia. Kumbe mjukuu wake alimkalisha chini, naye bibi akamsimulia yote, kwamba nilizaliwa ndani ya behewa la mizigo, na mbao za chini zililia njia nzima. Arcade akaamua kulichonga dogo, la kuweka mezani, anipe Krismasi. Aliyekuwa akiandikiana naye ni mzee mstaafu wa Tabora, naye huchonga treni ndogo. Ndiye aliyemwambia asikisie, akapime.

Nikaingia ndani. Arcade amekaa sakafuni, mkono ameupakata.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Zawadi unaitangaza, mama?"

Kisha akaniuliza.

"Nani alinisema?"

Sungusungu hawamtaji aliyewapa taarifa, ndiyo kanuni yao. Nilijua hilo. Nikamjibu:

"Sijui."

Miezi minane imepita. Vidole vimepona vikiwa vigumu, haviwezi tena kushika wembe wa kuchongea. Behewa dogo lipo kabatini, limekamilika juu, chini halina kitu. Na Arcade ameamua mwenyewe kwamba aliyemsema ni jirani yetu Telesphor, rafiki yake tangu utoto. Hawasalimiani. Juzi Telesphor amefiwa na mke, Arcade hakwenda msibani. Nilimwona Telesphor kaburini anageukageuka, anamtafuta Arcade.

Nikarudi nyumbani, nikaanza kuandika haya.

Mama mwenzangu, mtoto akikuficha jambo, kaa naye mpaka akwambie. Usitangulie kwa watu wengine. Na ukishakosea, usimwache mwingine abebe.

Arcade yumo kwenye kundi hili, huwa anasoma kila kitu.

Mwanangu, nenda kwa Telesphor ukampe pole. Ni mimi niliyekusema.