Sahihi ya Meya

Kila jioni Ortensia alisonga ugali wa mahindi katika nyumba ya mawe chini ya mlima. Alikuwa mjane. Aliishi na mdogo wake Silvano, mchungaji wa mbuzi, mtu wa utani mwingi. Basi majira yale ya baridi utani ukakatika. Silvano alisema maji ya bomba yana sumu. Akakataa ugali, akakataa mchuzi, hata kahawa. Alikula yai tu, tena alilolimenya mwenyewe. Mashavu yakabonyea. Midomo ikapasuka kwa kiu.

Ortensia hakujua ashike lipi. Walipokuwa wadogo, mama yao aliugua vivyo hivyo. Jirani akasema mwanamke huyu ni hatari, askari wakaja, wakampeleka nyumba kubwa ya wendawazimu. Hakurudi. Nyumba zile zilishafungwa zamani, lakini fundisho lilimbakia Ortensia moyoni: mgonjwa hachukuliwi mpaka asemwe ni hatari.

Akasikia kwamba siku hizi mwenye kutia sahihi ni meya. Akamfuata Danilo, meya wa kijiji chao. Alimkuta bandani akikamua jibini, mikono nyeupe hadi viwikoni.

"Danilo mwanangu, nitilie sahihi Silvano apelekwe hospitali," alisema, macho chini. "Amenitishia kwa kisu."

Silvano hakuwa amegusa kisu chochote.

"Mama Ortensia, sahihi yangu peke yake ni jibini bila maziwa," Danilo alimjibu. "Wanatangulia madaktari wawili."

Akampigia simu Nives, muuguzi wa afya ya akili kule bondeni. Ortensia akarudi nyumbani kichwa kinamzunguka. Meya anatia sahihi, lakini hawezi kuanza. Daktari anaanza, lakini hawezi kuamuru. Sasa mgonjwa ni wa nani?

Kesho yake Nives alifika na mfuko begani, akaketi jikoni kama mtu asiye na haraka. Alimweleza Ortensia kwamba sheria inataka mambo matatu yakutane. Mgonjwa awe anahitaji matibabu ya haraka. Awe ameyakataa. Tena pasiwe na njia ya kumtibu nje ya hospitali. Likikosekana moja, halazimishwi. Yakitimia yote, daktari mmoja anapendekeza, wa pili anathibitisha, meya anaamuru, na hakimu anaikagua amri hiyo. Ni ya siku saba. Ikiongezwa, daktari aseme kwa nini. Na mgonjwa mwenyewe, au mtu yeyote, anaweza kuomba ifutwe.

"Na hatari je?" Ortensia aliuliza.

"Sheria haiulizi kama mtu ni mbaya. Inauliza kama anaumwa, na sisi tumeshajaribu nini. Sasa niambie habari ya kisu."

Ortensia akawaza. Akisema kipo, watakuja askari kama walivyomjia mama. Akisema hakipo, huenda Silvano akafa kwa kiu mle chumbani.

"Hakuna kisu," alisema mwishowe. "Niliogopa kwamba asipokuwa mbaya hatasaidiwa."

"Silvano mwenyewe umemuuliza kama anataka kusaidiwa?"

Ortensia akahesabu moyoni. Alikuwa amemuuliza padri, amewauliza majirani, amemuuliza meya. Hakuwa amemuuliza Silvano.

Nives akagonga mlango wa chumba. Hakutaja hospitali. Alisema ameleta machungwa, na maji ya chungwa hufungwa mtini, hayapiti bombani. Kisha mlango ukafunguka kidogo, mkono ukatoka.

Silvano alimenya la kwanza, akalifyonza mpaka likakauka. Akaomba la pili. Ndipo Nives akamwambia kuwa mwili wake umekauka na daktari anamngoja bondeni. Akikataa leo, yeye atarudi kesho kumuomba tena.

"Nikienda, dada atakuja?" Silvano aliuliza.

"Ukitaka."

"Aje. Ila ugali wake auache. Ule ni sumu hata nikiwa mzima."

Ortensia akacheka huku machozi yakimtoka.

Silvano alishuka bondeni kwa miguu yake, na amri haikuandikwa. Alilazwa kwa ridhaa yake, akapata dawa na watu wa kuongea nao. Alirudi mbuzi walipoanza kuzaa.

Siku hiyo Ortensia alimwekea mezani bilauri ya maji ya bomba, akakaa. Silvano aliyanusa. Akamtazama dada yake kwa muda mrefu. Akanywa.