Bangili za Bidii

Kila asubuhi kabla ya shule nilimfunga Mama mkono. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaninyooshea kifundo cha mkono wa kulia, nami nikakizungushia vipande vya kitambaa na kukaza kwa nguvu zangu zote. Washonaji wa kiwanda chao cha mashati walifunga hivyo ili maumivu yasiwasumbue. Waliviita bangili za bidii, na mwenye mbili alisifiwa kuliko mwenye moja. Mama alikuwa na tatu. Niliringa sana kwa wenzangu.

Kisha vikombe vikaanza kumponyoka. Mama alicheka, akasema vikombe vya siku hizi vinateleza. Lakini jioni moja alishika sufuria iliyokuwa motoni kwa mkono mtupu, akaibeba mpaka mezani bila haraka. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Mama aliyatazama malengelenge yakitoka, kana kwamba ngozi ile ni ya jirani.

"Usimwambie mtu," aliniambia. "Wakijua, wataniondoa kwenye kola."

Kola hupewa mafundi hodari tu, na Mama alikuwa ameingoja kazi hiyo miaka sita. Nikaahidi. Tangu siku hiyo, kila asubuhi vidole vyake vilikuwa baridi zaidi.

Shule zilipofungwa, Mama alisahau chakula chake nyumbani, nikampelekea. Mlinzi aliniruhusu kufika mlangoni mwa chumba cha kushonea. Mama yangu ni mfupi, na viti vyote mle vilikuwa vya kimo kimoja. Alishona mabega yakiwa karibu na masikio, vifundo vimekunjwa juu ya ukingo mkali wa meza. Hivyo ndivyo alivyokaa kutwa nzima, siku zote hizo.

Nikaona doa jekundu kwenye kola nyeupe. Likatanuka. Sindano ilikuwa imemchoma kidoleni, naye alikuwa bado anashona, macho kwenye mshono. Nilipiga ukelele, na msimamizi akazima cherehani.

Nesi wa kiwanda alimuuliza ganzi ilianza lini. Mama akajibu kwamba ni leo tu, kisha akanikazia jicho. Nililielewa jicho lile. Lakini damu ilikuwa bado inatiririka na Mama hakuwa na habari.

"Ni miezi miwili sasa," nilisema. "Na mimi ndiye ninayemfunga."

Nesi alivikata vile vitambaa kwa mkasi. Alieleza kwamba meza ilikuwa inaukandamiza mkono, na sisi kwa kukaza tulikuwa tunaumalizia. Tungechelewa kidogo, alisema, hisia za mkono zisingerudi tena. Siku hiyohiyo aliwapanga washonaji wote kwenye mstari, akazikata bangili zao. Seremala akainua viti vya wafupi, akawatengenezea vibao vya kukanyagia, na msimamizi akaanza kuwapumzisha kila saa. Mama alipumzishwa miezi mitatu.

Wiki ya kwanza hakusema nami. Iliniuma sana.

Mwezi wa tatu, akimenya viazi, kisu kilimgusa kidole. Akashtuka, akautoa mkono upesi. Tukatazamana. Alinivuta kifuani, akalia.

"Mwanangu," alisema, "ahadi ya kuficha ugonjwa usiitunze. Hata nikikuomba mimi."