Ndege ya Mikia Miwili

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata rafiki yangu, fundi saa, na huyo si mtu wa porojo.

Nyumba yake imepakana na kambi ya ndege za kivita. Mkewe alizitambua kwa mlio tu. Alipougua, akawa anazitaja akiwa kitandani, mumewe anatoka uani kuhakikisha. Akisema "ndiyo", mkewe anabofya kalamu, tik, anaandika jina la ndege daftarini, anabofya tena.

Siku moja mama akaita, "Mume wangu, kimbia! Ile ya mikia miwili! Miaka yote naingoja!"

Mume alikuwa hoi kwa kuuguza. Akasimama koridoni kidogo, akarudi. "Ya kawaida tu, mke wangu."

Kalamu haikulia. Wiki hiyohiyo tukamzika, na kalamu yake niliiweka mimi mwenyewe mfukoni mwa gauni alilozikwa nalo.

Mwezi uliopita rafiki yangu aliingia chumbani kuchukua shuka za kufua. Ilikuwa mchana, ila mvua ilikuwa kubwa na umeme umekatika, giza totoro. Juu ya bati ukapita mngurumo uleule wa siku ile, mzito, wa kukatikakatika. Akatoka mbio, pekupeku. Mawingu matupu.

Akarudi mlangoni akichuruzika maji, akaliambia giza, "Mke wangu, sikuiona. Lakini leo nimetoka."

Kisha, upande wa kitanda: tik.

Kalamu ikakwaruza karatasi, ikakwaruza, muda mrefu kuliko jina la ndege yoyote. Tik ya kufunga hajaisikia hadi leo.