Zakia na Seva Iliyogoma Kuwaka

Kila siku baada ya uji wa saa nne, Zakia alifagia chumba cha kompyuta cha shule yao pale Tinde. Alifuta vumbi kwenye meza zote isipokuwa moja. Meza ya seva, kompyuta kuu ya shule, ilikuwa ya Scolastika, mwanafunzi mwenzake ambaye Mwalimu Eustace alimkabidhi ufunguo wa chumba. Seva hiyo ilitumia mfumo wa Unix na ilitunza kazi za wanafunzi wote. Zakia aliamini anaijua kuliko mwenzake. Kila alipouona ule ufunguo ukining'inia shingoni mwa Scolastika, roho ilimuuma.

Ijumaa moja mwalimu alianza kuweka sasisho la mfumo, kisha akaitwa ofisini. Alimwagiza Scolastika aangalie kioo, na umeme usizimwe kabla sasisho halijaisha.

Zakia alisikia hayo akiwa barazani, karibu na swichi kubwa ya chumba kile. Shuleni kwao wingu likitanda tu, aliye karibu huzima swichi kwa kuogopa radi. Siku hiyo wingu lilikuwa mbali, upande wa Mwakitolyo, wala halikunguruma. Zakia alilitazama, akapata kisingizio. Akazima. Baada ya muda mfupi akawasha, akaondoka.

Seva haikuwaka tena. Kioo kilionyesha mstari mmoja wa maandishi, kikaganda hapo.

Mwalimu aliporudi, Scolastika alieleza kwamba umeme ulikatika. Mwalimu alishangaa, maana ofisini taa hazikuzimika. Doto, mwanafunzi mwenzao aliyekuwa akichungulia dirishani, akacheka. "Msimamizi, umeme ulikukatikia wewe peke yako?"

Scolastika alivua ufunguo, akauweka mezani. Zakia, aliyekuwa amerudi na kusimama mlangoni, alikuwa ameutamani ufunguo huo muhula mzima, lakini sasa hakuweza kuutazama.

Mwalimu alisema huenda diski imekufa au kuna kitu kimefutwa. Ingebidi asafishe seva na kuanza upya. Nakala ya akiba ilikuwa ya mwezi wa tatu. Kazi zote za baada ya hapo zingepotea. Akachomeka flashi yenye mfumo wa kuanzia upya.

"Mwalimu, subiri," Zakia alisema kwa sauti ndogo. "Ni mimi niliyezima swichi. Wingu halikuwa karibu. Nilimwonea wivu Scolastika."

Mwalimu akachomoa flashi. "Basi diski haijafa, ni sasisho tu lililokatizwa katikati," alisema. Alifungua orodha ya kuwashia, akachagua kiini cha zamani cha mfumo, kile cha kabla ya sasisho. Seva ikawaka polepole. Alikagua diski, akaanza sasisho upya, na safari hii wote watatu walikaa hadi likaisha. Zakia alimwomba Scolastika radhi. Scolastika aliitikia kwa kichwa tu. Alikuwa bado ameumia.

Mwalimu alimrudishia Scolastika ufunguo, akamgeukia Zakia.

"Kuwa na wivu si ajabu, hata mimi huwa nao. Lakini wivu ukishika swichi, wanaoumia ni wengi. Nisingejua kilichotokea, ningefuta kazi za shule nzima na kumhukumu asiye na kosa. Umechelewa kusema kweli, Zakia, ila umesema ikiwa bado inasaidia."